Taa Mbili za Namba Tisa

Fundi cherehani alikuwa na binti anayeendesha tramu katika mji wa mbali, mji wenye kamera ya barabarani inayorusha picha mtandaoni kutwa kucha. Kila asubuhi mama huyo aliegemeza simu kwenye cherehani, akasubiri. Saa mbili na dakika kumi, tramu namba tisa ilikata kona ya duka la dawa, ikamulika taa mara mbili. Hiyo ndiyo shikamoo ya binti yake. Naye, akiwa na gauni lake la kulalia, aliitikia kwa sauti: "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Siku moja akampigia simu kumgombeza. "Jana umekata kona kama unafukuzwa. Abiria si magunia."

"Mama, jana sikuwa kazini. Wiki nzima nimelala na mafua."

"Sasa nani kaniwashia taa?"

"Wenzangu. Niliwaambia atakayeshika namba tisa asipite pale bila kumwamkia mama. Najua usipoziona taa, roho yako itakuwa juu siku nzima."

Mama akakata simu bila kuaga. Wiki nzima amekaa na gauni la kulalia mbele za watu.

Kesho yake saa mbili alikuwa ameshaketi, nywele amezichana, amevaa gauni lake la kuendea harusini. Taa zikamulika mara mbili.

"Marahaba, mwanangu, yeyote uwaye," akasema. "Umekula? Na hiyo kona, taratibu."