Hamira ya Marehemu

Wakubwa hawamkumbuki mtu wa chini mpaka wakwame. Kwa hiyo msafisha matangi alipoitwa ofisini kwa meneja, na tena akakaribishwa kiti, alijua mambo yamewaharibikia.

"Mzee, nasikia unayo hamira ya marehemu mkeo."

"Ninayo."

"Bado nzima?"

"Kuliko hiyo yenu ya pakiti."

Hamira ya pakiti ilinunuliwa kwa mbwembwe nyingi, lakini ilikuwa ikichemka siku mbili tu. Pombe ikianza kukolea ndani ya tangi, hamira inazimia, molasi ya miwa inabaki tamu, spiriti haipatikani.

Kwa miaka kumi na tisa aliyelea hamira ya kiwanda hicho cha spiriti alikuwa mke wa msafisha matangi, kibarua tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hamira yake ilistahimili pombe kali kuliko yoyote. Kifua kilipomlaza walimpa pole na barua ya kumwachisha. Wiki ile ile ya mazishi wakaamuru matangi yote yaoshwe kwa dawa, na aliyetumwa kuyaosha ni mumewe mwenyewe. Alichota chupa moja kwanza, akaificha ndani ya koti. Nyingine yote akaimwaga mtaroni kwa mkono wake, kwa amri yao.

"Nitawapa," alisema. "Ila ikifanya kazi, jina lake liandikwe kwenye mlango wa chumba cha hamira."

"Ikifanya kazi nitaliandika mwenyewe."

Kwa miezi minane chupa ile ilikaa juu ya kabati, upande aliokuwa akilala mkewe. Kila asubuhi aliilisha kabla hajanywa chai. Fundi wa boila, jirani yake, alikuwa akimtania: "Shemeji, huyo mke wa chupani anakula sukari kuliko wanangu wote."

"Wanao wana baba mchoyo."

Sasa akaihamishia kwenye ndoo yenye molasi nyepesi, kisha kwenye pipa. Siku ya nne povu likafurika, likatambaa sakafuni mpaka mlangoni. Fundi wa boila akaruka pembeni, akasema marehemu amerudi kazini na bado hataki kukanyagiwa sakafu. Msafisha matangi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Ikabaki kuitia kwenye tangi la molasi nzito. Binti wa maabara alimshika mkono.

"Tubakize kidogo, Baba. Lolote linaweza kutokea."

"Nyie wasomi mnaogopa hata kivuli. Mnamjua mke wangu nyie?"

Akalimimina pipa lote, akalisuuza, na maji ya kusuuzia akayamimina pia.

Siku ya kwanza tangi lilinguruma. Ya pili likanguruma. Ya tatu asubuhi aliweka sikio kwenye bati, akasikia kimya.

Binti alichukua tone, akalitia rangi ya bluu, akaliweka chini ya darubini. "Mdudu wa hamira aliye hai rangi haimkai. Aliyekufa inamwingia. Tazama."

Akatazama. Vidoa vya mviringo, vingi visivyohesabika, na vyote bluu.

"Ulikuwa unawalisha nini nyumbani?"

"Maji ya sukari."

"Na spiriti?"

Mkewe kila alipoilisha alikuwa akiongeza spiriti, kizibo kimoja, mwezi ujao kimoja na nusu, na tangi likimaliza kazi alichukua mbegu kutoka kwa wale waliobaki hai mwisho kabisa. Alimwona akifanya hivyo miaka yote. Lakini alipobaki peke yake na chupa, mkono ulikataa. Alikuwa amemsikiliza mwanamke yule akikohoa miezi mitano, kila pumzi ikimchoma. Kitu pekee kilichobaki hai kutoka mikononi mwake, akimwagie moto?

"Ngozi yao hukomaa kwa kuzoezwa kidogo kidogo," binti alisema taratibu. "Wale wa marehemu walikuwa nayo. Lakini wanazaliana kila siku, Baba. Kwenye sukari tupu wanaostawi ni wale laini, na ndio waliojaa chupa."

"Nimewadekeza."

Binti akafungua daftari la maabara.

Meneja akaingia, simu sikioni. Alitazama sura zao, akaelewa. "Basi yale ya mama yule yalikuwa maneno ya watu tu."

Msafisha matangi alikuwa na la kumjibu. Bomba la kupozea tangi lilivuja wiki tatu, aliripoti mara mbili, nani alisikiliza? Molasi waliikoleza kupita kiasi kwa tamaa yao. Yote kweli tupu. Lakini wangebishana mpaka jioni, na jina la mkewe lingebaki humo humo katikati, likivutwa huku na huku.

"Mkono wake haukuwa na kosa, bosi. Wangu ndio uliowaua."

"Haya. Tangi lioshwe kabla ya saa nane," meneja alisema, akarudi kwenye simu yake.

Binti alikuwa akijaza daftari la maabara. Msafisha matangi, ambaye shule aliiacha darasa la pili, akamwomba amsomee.

"Mwenye hamira, nimeandika marehemu, kwa jina lake kamili. Matokeo, imekufa siku ya tatu."

Aliweka kidole kwenye ukurasa.

"Lifute hilo jina, mwanangu. Andika langu."

Binti akalifuta. Akaandika jingine, akamsomea mara mbili ili aridhike. Yeye akachukua brashi na ndoo ya dawa, akashuka kwenda kuosha tangi.