Asubuhi ya Majembe

...maana akisema tu kwamba wataondoka leo, watoto watabeba ngoma zao, mkutano utakwisha, na yeye atarudi kwenye cherehani yake, kuna sare kumi na nne za shule hazijatiwa vifungo, na hilo ndilo jambo la akili, Xavérine alijiambia, amekaa kwenye nyasi kando ya mtaro walioutoa matope tangu saa mbili, jembe limelala miguuni, udongo unamkaukia vidoleni, sema wataondoka, basi, nani atakulaumu... "Mama Ariane, tunakusubiri," alisema Sibomana, mkuu wa umudugudu, yaani mtaa wao, kalamu juu ya daftari, kwa upole, na upole huo ndio uliomshinda, angefoka ingekuwa rahisi, mtu akikufokea unamjibu, lakini yule alikuwa ameuliza tu, chumba kile cha nyuma ya nyumba yake, wanamopigia muziki watoto, kinafungwa au hakifungwi, na watu wote wa umuganda, kazi ile ya pamoja ya kila mwezi, wakageuka kumtazama, na kule nyuma kabisa, karibu na toroli, walikuwa wamesimama wao watatu, Ariane binti yake na Hirwa na yule msichana Kaze, kila mmoja na jembe lake, leo wamekuja mapema kuliko wote, kama wezi wanaokwenda kanisani. Sindano Butu, ndivyo wanavyojiita, jina wameliokota kwenye sakafu yake, pamoja na karatasi zake za kukatia nguo ambazo Ariane huandikia maneno ya nyimbo mgongoni, wimbo usio na mpenzi ndani yake wala Mungu, wa wapagazi wa stendi ya Nyabugogo wanaogombania gunia moja, gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa, na Kaze anapiga jerikani na ubao wa pasi pamoja na ngoma, ubao wake Xavérine, umebonyea upande mmoja sasa... Mzee Habumugisha alikwisha kusema ya kwake, alisimama na kofia mkononi, "Mimi sina ubaya na watoto, lakini ile umuganda ya mwezi jana mke wangu iko ametoka kupasuliwa, siku ya tatu, bonde yote kimya, hakuna pikipiki, hakuna gari, hata kuku zimenyamaza, halafu pu! pu! pu! Nikasema, hii ni kichwa yangu?" na watu wakacheka, Mama Phiona akacheka kuwashinda wote, "Hiyo haikuwa muziki, mzee, walikuwa wanakutwangia majani ya isombe ndani ya sikio!" na mzee mwenyewe akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka, akakaa, na Xavérine aliona jinsi alivyokaa, polepole, kama mtu ambaye siku hizi halali. Mke wa mzee alishonewa gauni la ubatizo wa mjukuu pale kwake, kiuno sentimita tisini na nne, leo ukimpima sijui utapata ngapi... Wataondoka, sema. Waende wapi? Wamekwisha kuuliza kwenye ukumbi wa parokia, kwenye gereji, kwa mjomba wake Kaze nyuma ya njiapanda ya Sonatubes, ambaye aliwakubalia mara moja tu, na hoteli moja ya Kiyovu iliwapa jioni mbili, meneja akawaambia wapunguze sauti, wageni wasikie uma zao, na wapige nyimbo za mapenzi za watu wengine, na wakati ule Xavérine alimwona meneja ni mtu mwenye busara. Wiki mbili zimebaki wapige kwenye bustani ya Kimihurura, saa nzima, nyimbo zao wenyewe, mara ya kwanza, bila chumba hakuna mazoezi na bila mazoezi watakwenda kuaibika... na ile siku walipopiga kwa mjomba wake Kaze, Xavérine alipita kupeleka gauni, akasimama langoni, vijana kama thelathini uani, macho yamefumbwa, wanaimba maneno ya kwenye karatasi zake, masikio yalimuuma, aliona pindo la sketi ya Ariane limefumuka, alisema moyoni nitaondoka sasa, hakuondoka mpaka wimbo ulipokwisha. "Mama Ariane," ilikuwa sauti ya mtu mwingine, "tuko na njaa!" Ndiyo, ndiyo, anakuja. Ila kuna lile neno, nalo anajua lilipo, amelizunguka mwezi mzima kama mtu anavyozunguka mbwa aliyelala, Ijumaa ile jioni, pini mdomoni, anakunja mkono wa shati, Ariane anamwuliza, tufanyie mazoezi lini, mama, jioni watu wako nyumbani, na yeye, yeye Xavérine, si mwingine, akasema kwa pembe ya mdomo, pigeni kesho wakati wa umuganda, watu wote watakuwa nje na majembe, nyumba ni tupu, mtamsumbua nani? "Na sisi hatuendi umuganda?" Nitasema mnaumwa matumbo. Matumbo matatu! Akajiona ana akili, magunia ya vipande vya vitambaa aliyashona mwenyewe akayapanga ukutani hadi darini, siku za kawaida, na pikipiki, na redio, na adhana, sauti haifiki hata kwenye mgomba, hakukumbuka kwamba asubuhi ile barabara zinafungwa na mji mzima unazuia pumzi, hakukumbuka kwamba watu wakiwa nje, masikio yao nayo yako nje. Alikuwa humuhumu mtaroni ngoma ilipoanza. Alilijua pigo la kwanza, akaendelea kulima. Na mchana Sibomana alipokuja nyumbani, Ariane alimtangulia, "Ni sisi tulipanga, mama hakujua kitu," na mama akainama kutunga uzi, uzi ukakataa kuingia, akaulowesha mara tatu, akaliacha neno hilo lipite... Ariane hakumlaumu, hata siku moja, aliosha vyombo tu, na hilo ndilo linaloudhi. Kule Bujumbura alikokulia, shuleni, mtawa wa kwaya alimwambia sauti yako ni kubwa, Xavérine, inawafunika wenzako, nenda mstari wa nyuma, chezesha mdomo tu, na alichezesha mdomo miaka miwili, Pasaka mbili, mama yake akitoka kanisani anamshika bega, nimekusikia leo, nimekusikia wazi kabisa, naye akaitikia, ndiyo mama. Alijifunza vizuri. Mtu anaweza kuishi hivyo, chakula kinapikwa, sare zinashonwa... akainua macho, na kule karibu na toroli Ariane alikuwa akimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana, acha, mama, acha tu, mtoto wa miaka ishirini na miwili anamfungulia mlango atoroke, nani kamfundisha kufungua milango ya namna hiyo, na Xavérine alishika mpini wa jembe, goti la kulia likalia, akasimama. Huenda chumba kitafungwa hata hivyo. Huenda mzee Habumugisha, akijua ni nani aliyewaambia wapige, hatamwamkia tena, na atakuwa na haki. Sibomana bado alikuwa na kalamu juu ya daftari, karatasi bado nyeupe, nyasi, matope, watu walewale wenye njaa, "Haya, fundi," alisema Mama Phiona, "toa pini mdomoni!" na watu wakacheka, na hapakuwa na pini yoyote mdomoni, akamgeukia mzee, akavuta pumzi kutoka chini kabisa, tumboni, ile pumzi iliyokatazwa mstari wa nyuma.