Gauni la Wimbo wa Kwanza

Siku hiyo nilikuwa nimevurugwa, jamani, acha tu. Meneja wangu, Shebe, alinifokea studio mbele ya wapiga vyombo wote: tamasha la kesho nilifungue na "Pilipili ya Jirani", wimbo ulionitoa, na huo wangu mpya niuzike. "Watu wanakujua kwa pilipili, Tunu. Sasa unataka kuwapa uji?" Nikarudi nyumbani kwa mama, ambaye ni fundi cherehani, nikajitupa juu ya marobota ya vitenge vyake huku machozi yakinilenga, na usingizi ukanibeba.

Nikaota nimesimama katika nchi ambayo hewa yake ilikuwa ngoma. Kila pumzi mdundo! Barabara inatetema, majani yanacheza, moyo unanienda mbio kwa furaha, maana mwimbaji akifika mahali kama hapo atanyamazaje? Mara akaja bwana mmoja mtanashati, ananukia marashi tangu mbali. "Mimi ndiye Sifa," akasema. "Umechelewa wapi, malkia?" Akanishika mkono hadi kwenye jukwaa lenye taa za kila rangi, na umati ukalipuka kwa makofi kabla sijafungua mdomo. Nikaimba, wakapiga kelele. Nikaimba vibaya makusudi, wakapiga kelele zilezile. Kwa utundu nikawatajia vitu vya jikoni tu, vitunguu, chumvi, mwiko, na bado wakazimia kwa raha! Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa akinisikiliza.

Nikataka kushuka. Penye ngazi palikuwa na mlinzi, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, jina lake Mazoea, naye akanivisha gauni la dhahabu nililovaa nilipotoa Pilipili. "Si lako hili? Watu wameshalizoea." Mungu wangu, lilinibana! Kifua hakipandi, mikono hainyanyuki. Nikageuka, nikaona waimbaji tele ndani ya magauni na makoti ya nyimbo zao za kwanza, midomo inacheza, sauti haitoki, na Mazoea anawafuta jasho kwa upendo kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kesho na mimi ningekuwa mmoja wao.

"Pumua basi," akasema mtu. Alikuwa msichana wa rika langu, ameketi kwenye ngazi anatafuna hindi la kuchoma, punje moja moja, kana kwamba dunia haina haraka. Akajitambulisha: Subira.

"Nitapumuaje? Huoni nilivyobanwa?"

"Naona. Gauni halina kosa, dada. Lilikufaa siku yake, lishukuru. Kosa ni kutaka kuukata mwili ulingane na nguo. Wimbo mpya unauogopa kwa kuwa haujashangiliwa. Haya, huo wa zamani, siku ya kwanza kabisa ulishangiliwa na nani?"

Nikakumbuka. Na mama, peke yake.

"Basi imba."

"Nikiimba litachanika!"

"Si lichanike?" akasema, akang'oa punje nyingine.

Nikavuta pumzi. Mishono ikaanza kuachia, mdundo wa nchi ile ukashika kasi, taka-taka-taka, taka-taka-taka, sauti yangu ikapanda mahali ambapo haijawahi kufika, nami nikaamka.

Mdundo ulikuwa palepale. Mama alikuwa anakanyaga cherehani yake, jua la alasiri limejaa dirishani. Lo! Wiki nzima nilikuwa nautafuta mdundo wa wimbo wangu mpya, kumbe nimelelewa nao.

"Umeamka? Simama nikupime, nikushonee nguo ya kesho."

"Mama, si unavyo vipimo vyangu?"

"Vya mwaka juzi hivyo." Akanizungushia futi kamba kifuani. "Mtu anakua, mwanangu. Hata mteja wangu wa miaka yote simkatii kitambaa bila kumpima upya. Nyoosha mikono."

Nikainyoosha. Ikanyooka yote! Nikaanza kuimba ule mpya nikiwa vilevile, mikono hewani, na mama, pini akiwa amezibana midomoni, akaitikia kwa kuguna. Simu ikaita. Shebe.

"Umeshaamua? Pilipili?"

"Naanza na mpya. Pilipili tutawapa mwishoni."

"Tunu, una nini leo?"

"Ngoja kwanza, kaka," nikamwambia. "Bado napimwa."