Miti Mitatu Kando ya Meza

Jumanne katika ofisi ya kamusi ni siku ya maneno ya kigeni. Maneno ya Kiingereza hukaa kwenye benchi la korido, kila moja na namba yake mkononi, yakingoja kumweleza mhariri ukoo wake.

Mhariri, mama wa makamo mwenye miguu iliyovimba kwa kukaa, alikuwa hoi. Mwaka wa nne huu anaomba likizo akamwone mama yake, ambaye macho yanamzimika. Kila mwaka bosi humwambia amalize herufi kwanza. Herufi haziishi, na macho ya mtu hayangoji herufi.

Likaingia neno "travel", mzee mwenye sanduku na viatu vilivyojaa vumbi.

"Shikamoo mzee. Ukoo?"

"Marahaba. Kwa Kiingereza mimi ni kusafiri. Baba yangu Mfaransa, alikuwa kazi ya sulubu. Babu Mlatini, yeye alikuwa miti mitatu ya kumfungia mtu ateswe."

"Ushahidi?" mhariri akauliza kwa mazoea. Laiti angenyamaza! Kanuni ya ofisi ni kwamba ushahidi hubaki kwa aliyeuomba.

Mzee akafungua sanduku, akatoa miti mitatu mirefu kumpita, akaisimamisha kando ya meza. Ilinuka jasho. Mhariri akagonga muhuri, mzee akaaga akaenda zake. Tuseme ukweli, mhariri alimwonea wivu.

Bosi akaja, akaizunguka miti. "Safi sana. Sasa tunataka mfano wa matumizi."

"Na likizo yangu, bosi? Tiketi ya Ijumaa nimeshakata."

"Kumbe! Basi mfano ndio wewe, mama."

Alifungwa kwenye ile miti kabla ya chai ya saa nne. Aliomba mkono wa kulia uachwe apate kuchapa, wakamwachia; si watu wabaya. Karani wa masjala akamuuliza kama kamba inabana.

"Kidogo."

"Pole. Utazoea."

Saa nane mdogo wake akapiga simu. "Dada, mama amesimama mlangoni tangu asubuhi. Anasema Ijumaa akiona hata kivuli chako, kinamtosha. Nimwambieje?"

Mhariri akaibana simu kwa bega. Kilio kilimjia, akakiahirisha, maana benchi lilikuwa bado limejaa.

"Mwambie aketi," akasema. "Asijichoshe bure."