Nguzo za Kisambuko

Kisambuko hakikuwa mji, wala kijiji, wala hata kitongoji kinachotambulika. Kilikuwa nyumba chache zilizong'ang'ania ubavu wa mlima wa udongo mweusi, juu ya himaya ya Tunuzi, na katika ramani za himaya hiyo mahali pale paliachwa patupu, kana kwamba mchoraji aliishiwa wino. Hakikuwa na diwani, mahakama wala bendera. Kilikuwa na chemchemi, na hapo ndipo uchu wa wakubwa ulipoanzia.

Mlima ule hautulii. Kila masika udongo hulowa, ukajivuta na kuteremka, ukibeba migomba, vyoo na hata makaburi. Kwa hiyo watu wa Kisambuko walikuwa na desturi kwamba mvua zikikatika, majirani husimama shambani, wakabishana, wakatukanana, kisha wakapatana upya mpaka uko wapi. Wasomi wa Tunuzi waliiita desturi hiyo ujinga.

Sagalufu, mtawala wa Tunuzi, aliyependa kuitwa Baba wa Ardhi ingawa hakuwahi kushika jembe, alipanda mlimani na mafundi na walinzi wake. Akasimika nguzo za saruji juu kidogo ya chemchemi, kila moja ikiwa na sura yake mwenyewe Sagalufu, akatangaza sheria: zilipo nguzo ndipo Tunuzi inapokomea, milele, aliye nje yake hana haki wala amri ndani ya Tunuzi, na atakayezigusa atafukuzwa. Maji yakabaki upande wa chini, nyumba za Kisambuko upande wa juu.

"Sasa wajukuu zangu watakunywa nini, Mtukufu?" akauliza Bi Mwalongo, mjane ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na chemchemi.

"Mvua," akajibu Sagalufu. Walinzi wakacheka, maana hiyo nayo ilikuwa kazi yao.

"Haya, baba. Tutaingoja."

Bi Mwalongo alitabasamu, na mimi niliyekuwa nikitazama kando tabasamu lile sikulipenda.

Mvua ikaja, tena ya hasira. Ilipokatika, nguzo zilionekana zimeipita chemchemi, zimeipita hata ikulu ya Sagalufu iliyokuwa chini ya mlima, zimesimama wima bondeni kwa mstari ulionyooka. Udongo huteremka, nakubali; lakini sijapata kuona udongo wenye adabu ya kupanga mstari, na siku hizo vijana wa Kisambuko walilalamikia sana maumivu ya mgongo. Nilipowauliza, walinitazama kama mpelelezi.

Sagalufu akaamuru nguzo zirudishwe. Hakuna aliyethubutu. Akateremka mwenyewe, amefura kwa ghadhabu, akanyoosha mkono aisukume iliyo karibu. Chelula, mkuu wa walinzi wake, aliyekuwa zamu upande wa pili wa nguzo, akamwinulia mkuki.

"Usiguse, mzee."

"Mzee? Unajua unasema na nani?"

Chelula aliitazama sura iliyo kwenye saruji, akaitazama iliyo mbele yake, akaonekana kupima ipi ina faida.

"Huku ni Tunuzi, huko uliko ni nje," akasema. "Una kibali cha kuingia?"

Nyuma yake Sagalufu alisikia watu wa mlimani wakiteremka, polepole, bila kusemezana, na hakuweza kujua kama wanakuja kumkaribisha.