Mkono Nyuma ya Keria

Sheria ya mbio zile ilikuwa moja tu, nayo ndiyo iliyowashinda watu wa Kyela: kila mwendesha baiskeli ajitegemee kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chakula ubebe mwenyewe au ununue dukani kama mteja yeyote. Pancha uzibe mwenyewe. Mtu akikusukuma, hata kwa kidole, umetoka.

Waandaaji walikuwa watu wa mjini, hawakujua wamekuja wapi. Huku ukimkuta mtu anasukuma mzigo mlimani ukampita bila kuweka mkono, habari zako zitafika nyumbani kabla yako. Mkono huwekwa kwanza, salamu hufuata. Ikabidi itangazwe makanisani, kati ya matangazo ya ndoa na ya kwaya, kwamba watakaopita na baiskeli wasisaidiwe. Waumini wakatazamana. Mama mmoja wa Talatala aliuliza hao watu wamefanya kosa gani.

Na bado haikusaidia. Siku ya pili ya mbio, Jubilate wa Ngana, aliyekuwa akiongoza, alizama kwenye tope kando ya mashamba ya mpunga. Kina mama waliokuwa wakitoka kupalilia wakamnyanyua yeye na baiskeli yake kabla hajafungua kinywa. Alipokifungua, badala ya kuwafukuza, akasema "Ndaga fijo," asante sana, kama alivyolelewa. Msimamizi wa pikipiki akamfuta mashindanoni palepale. Kina mama walimtukana msimamizi yule kwa Kinyakyusa safi, na bahati yake hakukielewa.

Lutengano, mshindani mwingine, alipopita hapo akamkuta Jubilate amekaa kwenye tuta anakula ndizi za kupewa, amekwisha kukata tamaa na kushiba. Akacheka, lakini aliogopa yasimpate na yeye. Akakaza mwendo kuelekea ziwani, na kila alipoona mtu kando ya njia alimsalimu na kumwonya kutoka mbali: "Msiniguse! Mugonile, lakini msiniguse!"

Yeye hakutaka ushindi. Mtu wa miaka hamsini na ushee, magoti yanalia kama bawaba, angewashinda vijana wa Mbeya kwa kitu gani? Alitaka jambo moja tu: kuupanda Vunjachungu bila mkono wa mtu.

Vunjachungu ni mlima ulio juu ya kijiji chao, upande wa Matema. Jina lake linajieleza. Zamani, kabla ndoo za plastiki hazijajaa kila nyumba, vyungu vya kina mama wa ufukweni vilipandishwa huko hadi gulio la juu, na mlima ulijichukulia sehemu yake. Lutengano na kaka yake Andrea walivibeba kwa baiskeli moja nyeusi aina ya Phoenix. Walivipanga kwenye keria, mdomo kwa mdomo, wakavishindilia majani makavu ya migomba na kuvifunga kwa kamba mpaka mzigo unapita kichwa cha mtu. Kabla ya kufunga, Andrea alikigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chenye ufa hakikumdanganya hata siku moja. Huko juu mnunuzi alikijaza chungu maharage, ukayabeba maharage wewe, chungu kikabaki chake, na hapo biashara ilikuwa imekwisha bila maneno mengi. Ee, siku zile! Mpaka leo Lutengano huikumbuka harufu ya majani yale makavu yaliyochanganyika na udongo uliochomwa.

Mlimani, Lutengano alishika usukani akivuta mbele, Andrea akasukuma keria nyuma. Kwa sababu ya ule ukuta wa vyungu hawakuonana. Basi kila walipofika kwenye kona, Lutengano alipaza sauti: "Upo?" Naye Andrea akajibu: "Nipo!" Wakaendelea.

Na jioni, wakishuka na maharage yao, Andrea hakukosa kumtania. "Bila mkono wangu, mdogo wangu, Vunjachungu ungeuangalia kwa macho tu."

Alimtania hivyo miaka yote. Alimtania mbele ya wachumba, mbele ya mchungaji, hata siku Lutengano anaoa. Masika iliyopita, akiwa kitandani, pumzi imebaki kidogo, alimtania tena: "Sasa mlima utaupanda na nani?" Lutengano alijibu kwa hasira, "Peke yangu." Kesho yake Andrea hakuamka. Msibani watu walilia mpaka wakakauka, lakini Lutengano jicho lilikuwa kavu. Jibu lile lilikuwa limemkwama kifuani. Aliposikia habari za mbio, na kwamba zinamalizikia kwenye uwanja wa lile gulio la juu, alijiandikisha siku hiyohiyo. Baiskeli ya gia aliazima kwa mpwa wake, akaifungia keria. Vijana walimcheka. Keria kwenye mbio! Lakini kwake baiskeli isiyo na keria ilikuwa haijakamilika.

Alifika chini ya Vunjachungu jua likiwa kali. Nyuma yake kulikuwa na mwinuko wa jana hadi kwenye mashamba ya chai, kisha mteremko, kisha mchanga wa ufukweni. Miguu haikuwa yake tena. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga kando ya njia, na kila mtu ameficha mikono nyuma ya mgongo kama watoto waliokatazwa sukari. Shemeji yake Tusekile, mjane wa Andrea, alitoka mbio uani alikokuwa akifinyanga, mikono imejaa udongo mbichi hadi viwikoni.

"Shemeji, usiniguse!" alimwomba.

"Nani kakugusa?" alijibu Tusekile, naye akaificha mikono yake nyuma.

Lutengano alishuka, akashika usukani, akaanza kusukuma. Kona ya kwanza aliivuka kwa ubishi. Ya pili aliivuka kwa aibu, maana watu walikuwa wakitazama. Baada ya hapo hapakuwa na watu, ni mlima tu na mawe yake. Tairi la mbele liliteleza, akapiga goti, akainuka, akapiga goti tena. Safari hii hakuinuka. Akaweka paji la uso kwenye usukani. Basi, Andrea, aliwaza, umeshinda. Na mdomo, kwa mazoea tu ya miaka mingi, ukaita wenyewe:

"Upo?"

"Nipo," sauti ikajibu nyuma yake.

Hakugeuka. Hakuthubutu kugeuka. Aliinuka, akasukuma. Kwenye kona iliyofuata aliita tena, akajibiwa tena, na miguu ile iliyokwisha kumkana ikakubali kwenda. Hivyo hivyo, kona kwa kona, mpaka njia ikalala na uwanja wa gulio ukafunguka mbele yake, na watu wachache waliokuwepo wakapiga vigelegele.

Msimamizi alikuja akikunja uso. Alimwona Tusekile akitokea nyuma ya baiskeli, anahema.

"Mama, umemsukuma huyu?"

Tusekile alileta mikono yake mbele. Udongo ulikuwa umeikaukia, mweupe, hadi viwikoni. "Kaangalie keria," alisema.

Msimamizi aliinama, akaikagua keria, kiti na fremu. Hapakuwa na hata alama moja ya kidole. Akaandika jina la Lutengano na kumpa mkono wa pongezi.

Lutengano alisubiri msimamizi asogee kando. "Shemeji, nimeweza," alisema. "Nimepanda bila mkono. Laiti Andrea angekuwepo nimwonyeshe."

Tusekile alitikisa kichwa.

"Umepanda bila mkono miaka mingi," alisema. "Pumu ilimwanza kaka yako kabla hatujapata mtoto wa kwanza. Akisukuma tu, kifua kinabana. Wewe hukuona, vyungu vilikuzuia. Mimi nilikuwa nyuma yenu na chungu changu kichwani, nilikuwa namwona. Anatembea ameweka mikono nyuma ya mgongo, hivi. Kazi yake ilikuwa kuitika."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie wewe? Yeye kaka mtu, akiri kwa mdogo wake? Na aliogopa ukijua uko peke yako utauachia mzigo."

Lutengano alifungua kinywa kujibu, na lile lililokwama kifuani tangu masika likatoka. Alilia kwa sauti, mtu mzima, ameikumbatia keria tupu.

Tusekile alimgeukia msimamizi. "Mbio za huyu zimeisha?"

"Zimeisha, mama."

Ndipo akauweka mkono wake mgongoni kwa Lutengano, na udongo wake wote.