Mikono ya Mama Kwenye Runinga ya Kichogo

Deki ya baba yangu ni kongwe kuliko ndoa yangu, na ndoa yangu ilishakufa. Kununua nyingine kagoma. Runinga ni ile ya kichogo, na rimoti anaijua kwa vidole, maana macho yamechoka. Kwenye simu haoni kitu. Basi aliposema anataka kuiona video ya mama, nikajua kazi ni yangu.

Lyle, mdogo wangu, ndiye aliyeirekodi kwa simu, siku mama anakata roho hospitalini kule mjini Prince George. Mama alikuwa na mpira wa kupumulia kooni, hawezi kusema. Baba alikuwa na mafua makali, wakamkatalia kuingia wodini. Tangu mazishi ana neno moja tu: "Kweli Thelma kaondoka bila hata kuniulizia?"

"Alipunga mkono, baba," Lyle humwambia. "Alituaga wote."

"Alikupungia wewe uliyekuwepo."

Nikaiweka video kwenye flashi. Deki ikakataa, haisomi faili za simu za siku hizi. Nikakaa na kompyuta nikaibadilisha iwe ya aina ya zamani. Hapo ndipo nikajitia ujuzi. Video ya simu ni pana. Kwenye runinga ya kichogo inakaa katikati, mistari myeusi juu na chini, na baba haitaki kabisa mistari hiyo. "Nimelipia kioo kizima!" hufoka. Basi nikakata pembeni, nikakata na chini, uso wa mama ukajaa kioo. Sikuitazama yote. Nani angeweza?

Jumamosi Lyle alikuja na kahawa na donati. Baba akasogeza kiti mpaka karibu aguse kioo. Akatazama mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Mikono yake iko wapi?"

"Baba, nilitaka uuone uso..."

"Verna! Mimi na mama yako tumefanya kazi kiwanda cha mbao, misumeno inanguruma humsikii hata aliye ubavuni. Tumetongozana kwa mikono, tumegombana kwa mikono. Mtu hawezi kusema, halafu wewe unamkata mikono! Una akili kweli?"

Nikaifungua tena kompyuta pale pale mezani, nikaibadilisha upya, nzima, na mistari yake myeusi.

Wakati inabadilika nikakumbuka jambo. Nilipokuwa mdogo, baba akirudi kutoka zamu alisimama mlangoni, akagonga kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kisha akafungua kiganja. Maana yake: mwenzangu yuko wapi? Nami nilimnyooshea kidole jikoni. Lyle alizaliwa kiwanda kimeshafungwa, hayo hakuyaona.

Video ikaanza. Mama alionekana mdogo katikati ya ule weusi. Mkono wake ukainuka polepole. Vidole viwili vikagonga kifundo, kiganja kikafunguka. Akarudia. Akarudia tena, akimkazia Lyle macho. Na sauti ya Lyle ikasikika: "Kwaheri na wewe, mama."

Jamani.

"Umeona, baba?" Lyle aliuliza. Jitu zima lenye ndevu, sauti kama ya mtoto. "Si alikuwa anapunga?"

Baba alinitazama mimi kwanza. Alijua kwamba nimeona. Nikafumba mdomo.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Alikuwa anakuaga. Ulifanya vizuri kumjibu."

Lyle akajifuta machozi kwa mkono wa koti, akambusu baba kichwani, akatoka kwenda kupasha gari moto. Tukamsikia nje anakwangua barafu kwenye kioo cha gari huku anapiga mluzi.

Baba akabonyeza rimoti, video ikarudi mwanzo. Mama akauliza. Baba akainua mkono wake, ule uliokatwa kidole na msumeno, akajigonga kifuani, akaonyesha sakafu chini yake. Niko hapa.

Mama akauliza tena, kana kwamba hajaona. Baba akamjibu tena, safari hii mkono ukigusa kioo.

"Baba, basi," nikasema.

"Niache," akasema. "Bado ananiuliza."